Vua Glavu, Daktari

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Dodoma yakafurika krimu za kila aina, nilikuwa nafundisha madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa ngozi. Nilichoka, jamani. Uchovu wa kulala nao na kuamka nao. Asubuhi foleni ya wanawake waliochubuka nyuso kwa mkorogo, mchana wanafunzi wangu wakinong'ona habari za hospitali binafsi za Dar. "Shikamoo, mwalimu," huku jicho liko mlangoni.

Sheria yangu ilikuwa moja, nao waliichukia kwelikweli: mgonjwa akiingia, kwanza mpe mkono. Mkono mtupu. Glavu utavaa baadaye, ukiona kidonda. Siku hizo ukimwi ulikuwa umetutia hofu sote, wakaniona mama wa mambo ya kizamani.

Siku moja akaja mama kutoka vijiji vya milimani huko Kondoa, ana mabaka mgongoni na mikononi. Ukoma. Dawa ilikuwepo, tena bure, ila ilibidi arudi kila mwezi kuichukua. Asiporudi, vidole vingemwishia.

Nilimkabidhi kwa mwanafunzi wangu hodari kuliko wote, binti wa mjini. Akaingia glavu ziko mkononi tayari. Akagusa mabaka kwa pamba, akauliza, akaandika. Hakukosea kitu. Lakini yule mama alikuwa anatazama sakafu, anajifunga khanga aondoke, nikajua huyu ndiyo basi, harudi.

"Vua glavu, daktari."

"Mwalimu, nimeshamaliza kumpima."

"Nimekuuliza kama umemaliza? Vua, umsalimie mama."

Akavua, machozi ya hasira yakimlengalenga. Akampa mkono. "Shikamoo, mama."

Yule mama aliudaka kwa mikono yote miwili, akaangua kilio. Alisema tangu mumewe amhamishie mkeka wake wa kulalia nje, hakuna aliyemgusa, hata wajukuu. Binti hakuutoa mkono wake. Loo, nilimpenda siku ile! Nikamwona ndiye atakayenipokea mzigo.

Mama akawa anarudi kila mwezi kwa basi la Kondoa, na neno lake la kwanza ni "Binti yangu yuko wapi?" Mabaka yakaanza kufifia.

Binti akamaliza masomo, akapata kazi Dar. Alipokuja kuniaga nilimjibu kwa mkato tu. Nilikuwa na uchungu, na nguvu ya kumbembeleza mtu sikuwa nayo tena.

Mama alipokuja, nikampa mkono mimi, nikamwambia daktari wake amehama. Akaurudisha mkono wake haraka, akauficha ndani ya khanga.

"Nimemwambukiza?"

"Hapana, mama! Mzima kabisa. Amepata kazi tu."

"Alinishika sana yule mtoto," akasema. "Nilimwachia anishike."

Nikamweleza, nikarudia, nikaapa. Akaitikia kwa adabu, akachukua dawa zake. Mwezi uliofuata nilikwenda mwenyewe stendi kulipokea basi la Kondoa. Abiria wakashuka wote, hakuwemo.