Ua la Kwenye Kopo

Niliondoka Gendabi asubuhi, bila kujua ninakwenda wapi, nikiwa na begi mgongoni na ua mikononi. Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha, ulikuwa bado mgeni midomoni mwetu. Ukiulizwa unatoka wapi, ulimi ulisema Arusha kwanza, kisha ukajisahihisha.

Ua lile nililiokota Katesh likiwa kijiti cha urefu wa kidole. Nilikuwa nikifagia ofisi moja, wenyewe wakapunguza mmea wa barazani na kutupa vipande. Nikachukua kimoja, nikakitia kwenye chupa ya soda yenye maji ili nione kitafanya nini. Kilitoa mizizi. Nikakipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia nililolitoboa chini kwa msumari, na tangu hapo tumehama pamoja Dongobesh, Mbulu mjini, hadi kwa dada yangu Gendabi. Shule niliiacha darasa la sita, na hakuna kazi niliyoimaliza, lakini ua hilo lilikuwa limefika kiunoni.

Halitaki makubwa. Ninaliweka karibu na dirisha, jua lisilipige. Ninachovya kidole kwenye udongo, na kama kimetoka kikavu ndipo ninalimwagilia. Vumbi ninalifuta kwa kitambaa kibichi.

Kwa dada ndipo lilipotaka kufa. Kila alipoosha vyombo alilimiminia maji yaliyobaki.

“Dada, yanatosha.”

“Mdogo wangu, mgeni hanyimwi maji kwangu.”

Shemeji aliongeza, “Haliliwi na mtu, haliliwi na ng'ombe. Hilo ni pori, mmelileta ndani.”

Majani mawili ya chini yalipogeuka njano nilijua tukikaa wiki nyingine litaoza. Nikaaga.

Basi la kwanza kusimama lilikuwa la Haydom, kwenye hospitali kubwa, limejaa wagonjwa na ndugu zao. Nilimwamkia bibi niliyekaa naye. Aliitikia, akaliangalia kopo magotini mwangu.

“Hiyo ni dawa?”

“Hapana, bibi. Ni ua.”

“Linachanua?”

“Halijawahi.”

“Basi si ua,” akasema, akafunga macho.

Haydom nyumba za wageni zilijaa. Ya tatu ilikuwa nyuma ya duka la mama mmoja mtu mzima.

“Shikamoo, mama. Ninatafuta chumba.”

“Marahaba. Vimejaa, baba. Wenye wagonjwa wamelala hadi koridoni.”

Mikono ilikuwa imechoka. Nikalitua kopo juu ya kaunta yake, kwa mikono miwili. Yule mama akaliangalia, akaniangalia.

“Umemkosea nani?”

“Sijamkosea mtu, mama.”

“Hili ni isale. Kwetu Kilimanjaro anayekuja nalo mkononi amekuja kuomba msamaha, na hakataliwi.”

Ningeweza kuinamisha kichwa nikapata chumba. Nilikuwa nimechoka vya kutosha. Lakini ningelitumia ua langu kwa kosa nisilolifanya, na hilo sikulitaka.

“Mimi sijui habari za isale, mama. Hili nimelilea mwenyewe kutoka kijiti. Nimekuja kuomba chumba tu.”

Akapitisha kidole juu ya jani, akakitazama. Hakikuwa na vumbi.

“Mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

“Na hii njano?”

“Maji mengi. Nilikokuwa walilipenda kupita kiasi. Sasa halinywi mpaka udongo ukauke.”

Akacheka kidogo, akavuta ufunguo chini ya kaunta. “Kuna stoo. Utanisaidia kutoa magunia ya mahindi. Mtu anayefuta vumbi kwenye majani hatanichafulia chumba.”

Tukatoa magunia. Stoo ilikuwa na dirisha dogo la upande wa nyuma, lisilopigwa na jua. Alikuja na jagi la maji ya kunawa, akasimama mlangoni akiliangalia kopo.

“Hili nisilimwagilie?”

“Usilimwagilie, mama.”

Akaliweka jagi upande wangu, mbali na kopo.