Mwaka Tuliochimba Mtaro wa Maji

Alfajiri moja mama aliteleza kwenye mawe ya ziwani akiwa na ndoo kichwani, akavunjika mkono. Wakati huo nilikuwa fundi cherehani mjini, Mkuyuni, nina kibanda changu na wateja wangu wa kudumu. Nikafunga kibanda, nikapakia cherehani kwenye basi, nikarudi kijijini kumuuguza. Nilidhani nitakaa mpaka mfupa uunge. Mpaka leo nipo.

Kijiji chetu kiko kando kabisa ya Ziwa Victoria. Ukisimama mlangoni kwetu unaona maji mpaka macho yanachoka. Ila maji ya kunywa hatukuwa nayo. Hayo ya ziwani ng'ombe walikunywa humo humo, watu walifua humo humo, na watoto waliokuwa wakioga humo walipata kichocho wakawa wanakojoa damu. Basi kazi ya kuchota ikawa yangu mimi, binti yake. Haikuchukua muda shingo ikakakamaa, nikawa nageuka mwili mzima kama mtu aliyevaa gunia. Mama, na plasta yake mkononi, alinicheka mpaka akashika mbavu.

"Mjini wamekulegeza," alisema. "Ulikuwa unachota wapi, kwenye cherehani?"

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano mkuu. Kilikuwa kile kipindi cha mwaka ambacho vijiji hupendekeza mambo ya kuingizwa kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Wavuvi walitaka barabara ya kwenda mwaloni, wanakoshushia samaki, ili magari ya samaki yafike bila kukwama. Hoja yao ilikuwa nzuri, na watu wengi walikuwa wameshaanza kuitikia kwa vichwa. Mama akasimama, mkono umening'inia kwenye kitenge alichofunga shingoni.

"Wanangu, hao samaki mnapikiwa na nini?"

"Na maji, mama," kijana mmoja akajibu.

"Anayaleta nani?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko, wavuvi wenyewe wakicheka kuliko wote. Tulipopiga kura ya kunyoosha mikono, mama alinyoosha ule mzima juu kabisa, na maji yakashinda. Mimi nikachaguliwa katibu wa kamati ya maji. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa mgeni na sikujua namna ya kukataa.

Mhandisi kutoka wilayani alikuja akatueleza. Maji yatavutwa kutoka mbali ndani ya ziwa, yatasafishwa, yatapandishwa kwenye tangi mlimani, kisha yatateremka kwa bomba hadi kwenye vilula, yaani mabomba ya pamoja ya kuchotea. Pampu, tangi na mabomba ni ya serikali. Mtaro ni wetu.

Tukachimba. Kitongoji cha mlimani kilianzia juu, kitongoji cha mwaloni kilianzia chini, na kila upande ukaapa kufika katikati kwanza. Wasukuma tukishaanza kushindana, jembe linageuka ngoma. Watu wa mlimani walitunga nyimbo za kuwasema watu wa mwaloni kwamba wamezoea kuvuta nyavu, udongo hawauwezi. Watu wa mwaloni wakajibu kwa nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa. Mimi nilishona vibendera vyekundu na vya njano kutokana na mabaki ya vitambaa, kila upande ukachomeka vyake pale ulipofikia. Katikati tukakutana na jabali. Hapo pande zote mbili zikaishia, zikaacha kutukanana, zikakusanya kuni pamoja. Tuliwasha moto juu ya lile jabali mpaka likaiva, tukalimwagia maji ya ziwa, likapasuka kwa kishindo. Hakuna aliyejua nani ameshinda, kwa hiyo wote walisherehekea.

Halafu tukasubiri.

Mvua zikaja, kingo za mtaro zikaanza kubomoka. Mbuzi walitumbukia. Jirani yetu mmoja alipanda matembele ndani ya mtaro, na yalistawi vizuri sana. Nikipita, watu waliniita, "Katibu, matembele yako yameiva!" Nilicheka nao, lakini nikifika nyumbani nilifungua daftari la kamati nikahesabu miezi. Mama aliliona hilo.

"Hebu niambie," alisema siku moja. "Ombi letu liko wapi sasa hivi?"

"Lilitoka kwenye kata, likaenda halmashauri. Halmashauri wakaliweka kwenye mpango wao, wakaupeleka Dodoma. Sasa wabunge wanajadili."

"Kwa hiyo mtaro wetu umefika Dodoma?"

"Umefika, mama."

"Mimi mwenyewe sijafika." Akatikisa kichwa. "Basi tuusubiri. Safari ni ndefu."

Siku ya hotuba ya bajeti tulikuwa tunaanika dagaa kwenye chanja, mama, mimi na majirani kadhaa. Redio tuliitundika kwenye nguzo. Mdogo wangu wa kiume, dereva wa bodaboda kule Buswelu, alikuwa amekuja kutusalimia. Waziri alisoma, akasoma, akasoma. Mama alikuwa anasubiri kusikia jina la kijiji chetu. Ilibidi nimweleze kwamba nchi ina vijiji vingi sana, hawezi kuvitaja. Alinuna kidogo.

Kisha wakaja wachambuzi, na mmoja wao akaeleza kwamba katika kila lita ya mafuta ya magari kuna tozo ndogo inayokwenda kwenye mfuko wa maji. Mdogo wangu, ambaye tangu afike alikuwa hajaacha kulalamikia bei ya petroli, akainuka kwenye kigoda.

"Ngoja, ngoja! Ina maana mimi ndiye ninayewaletea maji?"

"Kwa sehemu, ndiyo," nikasema.

"Mama, umesikia? Kila nikijaza tangi, ninakuchimbia kisima!"

"Ulikuwa wapi nilipovunjika mkono?" mama akamjibu, na wanawake wote wakacheka mpaka dagaa wakamwagika. Lakini nilimwona mama akimtengea kipande kikubwa cha sangara jioni ile.

Mwaka mpya wa fedha ulipoanza, malori ya mabomba yalifika. Waliokuwa wakinitania ndio waliokimbia kwanza na majembe. Mwenye matembele alivuna haraka haraka akawagawia majirani, kisha akaingia mtaroni kusaidia. Tangi likajengwa mlimani, mafundi wakafunga pampu, na siku ya kujaribu tulisongamana kwenye kilula cha kwanza. Mhandisi akanipa heshima ya kufungua. Nikafungua. Ikatoka pumzi tu, fyuuuu, kama nyoka. Nikaizungusha koki mpaka mwisho. Mara bomba likakohoa, likatema maji mekundu ya udongo, likakohoa tena, na maji meupe yakafumuka kwa nguvu yakanilowesha kuanzia kilemba hadi kandambili. Wanawake walipiga vigelegele. Mama alikinga kiganja cha mkono wake uliopona, akanywa, akanywa tena, akajifuta midomo. Nilitegemea aseme neno kubwa.

"Hayana harufu ya samaki," alisema. "Nitazoea."

Jumapili iliyofuata ndipo nilipojua nini kimebadilika. Kanisani kwetu ibada ilikuwa haianzi kwa wakati hata mara moja, kwa sababu wanawake walikuwa bado ziwani. Mchungaji alishazoea, naye alikuwa anakuja taratibu. Siku hiyo aliingia kwa mwendo wake ule ule wa siku zote, akakuta viti vimejaa, kwaya imesimama tayari, kina mama wamepaka mafuta, nguo zimepigwa pasi. Alisimama mlangoni akaangalia saa yake.

"Nimechelewa?" akauliza.

"Umechelewa, Mchungaji," mama akamjibu kutoka benchi la mbele. "Pita tu, tunakusubiri."