Tundu Mdomoni mwa Panzi

Nilipokuwa na miaka tisa, panzi kwangu alikuwa mdudu wa shambani. Ndiyo maana nilicheka tulipokuwa baharini Mombasa na rafiki wa baba, mwenye mashua, akapiga kelele, "Panzi hao!"

Baba alikuwa karani bandarini, na likizo ile ya Agosti alinichukua kutoka kijijini kwetu Kanyangi nikakae naye. Tulikuwa tumetupa mishipi tangu asubuhi bila kupata kitu. Ghafla maji yakapasuka, samaki wembamba wenye mabawa wakaruka juu yetu kwa sauti kama ya karatasi inayochanwa. Mmoja alimpiga baba kifuani, akaanguka miguuni pake. Baba alicheka. Magamba matatu yalibaki kwenye shati lake, niliyahesabu.

Nilimtaka samaki yule nikawaonyeshe wenzangu shuleni. Tulimtia chumvi, tukamwanika juani mabawa yakiwa wazi.

Ni ndani ya basi la kurudi nyumbani ndipo nilipomkumbuka Susu, mama yake baba. Kwa Susu, kiumbe wa mwituni akimjia mtu kwa hiari yake, amekuja kumchukua. Paa aliwahi kuingia jikoni mwetu na kusimama karibu na mjomba. Susu alimfukuza paa, na mjomba akakatazwa kuvuka mto mpaka mwezi mwingine uandame. Nilijua samaki wangu angetupwa. Baba aliposinzia, nilichomoa pini ya sketi yangu, nikamtoboa samaki mdomo.

Susu hakuwahi kula samaki. Alisema ni nyoka tu. Tulipofika, alimgeuza samaki wangu kwa kijiti.

"Na huyu ni nini?"

"Panzi, Susu."

"Panzi wa kuogelea! Hiyo shule yenu inafunza nini?" Kisha akaacha kucheka. "Mjukuu wangu Mwende, mlimnasa, ama alikuja mwenyewe?"

Baba alikuwa nje akisalimiana na majirani.

"Tulimnasa. Ona tundu la ndoana."

Aliliangalia kwa muda mrefu. "Haya. Kama alinaswa, ni wenu."

Jumapili baba aliviringisha suruali, akavuka mto, akarudi kazini. Wiki tatu baadaye tulipata habari kwamba mashua imepatikana tupu, mishipi bado ikining'inia majini. Baba na rafiki yake hawakuonekana tena.

Kwenye matanga wanawake walianza kunong'ona kuhusu samaki mwenye mabawa. Susu aliwanyamazisha. "Msiniletee hayo. Yule alinaswa. Tundu nililiona kwa macho yangu." Aliyasema hayo mpaka alipofariki, na kila mara alinigeukia nithibitishe. Nami nilisema, "Ndiyo, Susu."

Chuo kikuu nilisoma kwamba panzi wa baharini huruka wakikimbia samaki wakubwa. Hawamtafuti mtu yeyote. Ninaamini hivyo. Hata hivyo, ukurasa ule nimeurudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na sketi zangu zote zina vifungo. Uongo wangu ulimpa Susu mahali pa kupumzika, na sijui kama niujutie kwa hilo.

Kinachonisumbua si samaki. Baba alimwogopa mama yake. Angeambiwa asivuke mto mpaka mwezi uandame, angenung'unika juu ya kazi yake, angezunguka boma mara mbili tatu, kisha angebaki.