Kolanthe Hakufa Maji

Mnanisumbua. Tangu mto uanze kujaa mnanigongea mlango, leo huyu, kesho yule: bibi, andika habari za Kolanthe. Kalamu yenyewe naishika kama mwiko. Lakini nasikia watu wa ng'ambo ya mto wanasimulia eti alikufa maji, basi naandika. Atakayeucheka mwandiko wangu asisome.

Kolanthe alikuwa mchunga mabata wa kijiji hiki hiki, mrefu, masikio makubwa, akiimba vibaya na hajali. Mama yao alipofariki, dada yake Tamuthi, mfuma kitani, ndiye aliyemlea. Wachukua askari walipopita walimtaka kwa ule urefu wake. Tamuthi alilia, kisha akamfumia kitambaa cha shingo ili deraya isimchubue, akamwambia asipokivaa atamfuata huko huko kambini ampige.

Kambini ndiko alikobatizwa. Askari mwenzake alimfundisha sala wakiwa wanalisha farasi. Alipokuja nyumbani alikuwa yule yule, anakula dengu chunguni bila kungoja bakuli, ila sasa alifumba macho kwanza.

Sikukuu ya mfalme, askari wote huvaa mataji ya majani na kutia uvumba motoni mbele ya bendera. Kolanthe alikuwa na ujanja wake: siku hiyo alijitolea kushika zamu ya zizi. Wenzake walimshangilia, maana nani anataka kuzoa mavi ya farasi siku ya divai? Ikaenda hivyo miaka, mpaka akaja mkuu mpya wa kambi, mgeni kutoka ng'ambo ya bahari, akaamuru kila mtu apange mstari, hata wa zizini.

Tamuthi alikuwa langoni na kikapu chake cha mikate. Aliona yote.

"Tia uvumba," mkuu akasema.

"Mkuu, farasi wako nitawalisha mpaka nizeeke. Hilo siliwezi."

"Chembe mbili tu, wewe! Utapungukiwa nini?"

Kolanthe alifungua mkanda wake wa kiaskari, akaukunja vizuri, akauweka chini. Askari akiuvua mkanda mbele ya bendera amejitoa jeshini, na adhabu yake kila mtu aliijua.

Walimruhusu Tamuthi aseme naye mlangoni pa mahabusu. Nasema wazi, hakwenda kumtia moyo. Alikwenda kumgombeza.

"Tia, mpumbavu wewe, kisha utatubu! Mungu hakujui ulivyo mjinga?"

"Dada, ningeweza ningetia. Nimejishawishi mpaka nimechoka." Akacheka kidogo. "Nizike karibu na mama, kwa sala zetu. Sitaki kingine."

"Nitakuzika, na nitakusema kaburini."

"Najua, dada."

Wakamuua kwa upanga pale uwanjani, kwenye mchanga mkavu. Yule mwenzake aliyemfundisha sala alimfunga kile kitambaa juu ya jeraha la shingo ili dada mtu asilione. Lakini mkuu alikuwa amesikia kwamba Wakristo huwatunza wafia dini wao na kusali makaburini mwao. Akaamuru maiti itupwe mtoni.

Ndio ujinga wa mgeni huo. Angeuliza hata mpishi wake angeambiwa: kwetu, mtu akizama na mto ukamtoa ufukweni, huyo ni wa mto. Ndugu hamgusi. Makuhani wa hekalu ndio humkausha kwa magadi, humfunga kitani, humweka ndani kwao na kumfukizia uvumba kama mungu mdogo.

Basi wauza vitunguu wakaleta habari: askari mrefu ametokea ufukweni, kule chini kwenye hekalu la zamani. Tamuthi akaacha uzi kwenye kitanda cha kufumia, akamwamsha binamu yake Pahoni mwenye mashua.

"Uvumba alioukataa mpaka akauawa," alimwambia njiani, "sasa watamfukizia yeye mwenyewe! Piga kasia!"

"Napiga, binamu. Ukitaka twende upesi zaidi, shuka usukume."

Hekaluni walimkuta kuhani Harsiesi, mzee mwenye kiuno kibovu, amesimama mbele ya mkeka uliofunikwa. Chini ya mkeka ilionekana miguu mirefu. Tamuthi alimjua kwa miguu.

"Usimguse!" mzee akafoka. "Ni wa mto huyu."

"Ni wa mama yangu huyo. Nimemlea mimi."

"Wote husema hivyo, mama. Mto ukishamchagua mtu hana ndugu tena."

"Mto haukumchagua, baba. Ametupwa humo akiwa amekufa."

"Nitajuaje? Kila mwenye maiti yake hapa ana hadithi."

Tamuthi akakaa kwenye ngazi, akakunja miguu. "Mimi nisimguse, sawa. Mguse wewe, una ruhusa. Fungua kitambaa shingoni. Ukikuta shingo nzima, mchukue, nami nitaondoka bila neno."

"Huyu, bila neno?" Pahoni akanong'ona. "Hiyo nayo itakuwa ajabu ya hekalu."

Harsiesi aliinama akigumia, akalegeza fundo. Akatazama. Akatazama tena.

"Upanga," mzee akasema taratibu. "Huyu hakunywa maji yetu."

Kisha akashusha pumzi ndefu, akajiachia juu ya ngazi kando ya Tamuthi kama mtu aliyetua mzigo.

"Mchukue, mwanangu. Mchukue upesi! Magadi yamekwisha, vijana wote wamekimbilia mjini, ningemkausha peke yangu na kiuno hiki. Kwani aliuawa kwa kosa gani?"

"Kukataa kutia uvumba."

"Huo tu? Mimi nautia kila siku, na bado sijaona mungu aliyeshiba."

Tamuthi akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Mzee akawapa mkeka wake, akawashikia mashua wakampakia. Njiani Tamuthi akala mkate kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uwanjani, akaumaliza wote, na wa Pahoni pia.

Walimzika karibu na mama yao, kwa sala zetu, watu wakiimba. Tamuthi alimsema kaburini kama alivyoahidi, mpaka kasisi akamwomba anyamaze.

Nimemaliza, mkono unaniuma. Sasa nawe uliyesoma bure, inuka: siku ya kumkumbuka njoo na ufagio wako, mchanga umejaa pale kaburini na mimi siwezi tena kuinama. Na usije mikono mitupu ukasema hukuambiwa.