Sukari ya Baba Mkwe Iliyoishia Mfukoni Mwangu

Mpaka leo nikivuka mto kutoka Kisangani kwenda Lubunga huwa naishusha kofia hadi machoni, si kwa ajili ya jua, ni kwa ajili ya akina mama wa shirika letu la sala, ambao wakiniona tu wanaulizana kwa sauti kama nimekuja kuponya mgonjwa mwingine. Na wana haki kabisa. Ngoja niwasimulie wenyewe, mcheke mara moja tuyamalize.

Baba mkwe wangu, Papa Bosenge, ni mtu wa reli. Maisha yake yote ya kazi aliikagua njia ya Ubundu kwa miguu, na hata baada ya kustaafu hakujua kukaa kitako. Sasa ana ugonjwa wa sukari, na mwaka wa kisa hiki alipata kidonda kwenye kidole gumba cha mguu ambacho kilikataa kupona. Daktari akasema wazi: tupime sukari tena, ikiwa vidonge vimeshindwa tuanze sindano za insulini haraka, la sivyo mguu huo utakatwa. Mke wangu, Charlotte, alilia siku nzima.

Muuguzi wa kule Lubunga alikuwa ameishiwa na vipimo vya kidole, kwa hiyo akamtoa Papa damu kwenye kichupa ipelekwe maabara mjini, ng'ambo. Shemeji zangu walikuwepo wote, lakini mimi ndiye niliyeruka wa kwanza kujitolea (mkwe naye anapenda kuonekana, tusidanganyane).

"Papa Kambale," muuguzi akaniambia, "hii unaipeleka direct ku labo. Usisimame kokote."

"Iko sawa, mama, nimesikia."

Nilisikia kweli. Tatizo ni kwamba mimi nauza mafuta ya mawese kwa jumla, na niliposhuka tu kwenye mtumbwi nikaona boti kutoka Basoko inafunga kamba, imejaa mabidoni, yale madumu ya mafuta, na wanunuzi wenzangu wanakunja mikono ya mashati. Nikajiuliza, damu iko ndani ya kichupa, kichupa kimefungwa vizuri, itaenda wapi? Bidoni ya mawese ukiifunga leo, hata ikae, siku ukifungua utakuta mafuta ni yale yale. Hiyo ndiyo elimu yangu yote kuhusu vitu vilivyofungwa. Basi nikavua koti, kichupa mfukoni, nikalitundika juu ya mabidoni palepale juani, nikaingia kazini, nikabishana bei, nikapakia mkokoteni, nikala, nikabishana tena, na nilipolikumbuka lile koti jua lilikuwa limeshaanza kuteremka. Hapo nikapanda pikipiki mbio, mashimo ya barabarani yote tukayapitia, nikafika. Kijana wa mapokezi akauliza damu imetolewa lini, nikajibu leo, na ilikuwa leo.

Kesho yake Jumamosi nikapewa majibu: sukari ya mtu mwenye afya. Jamani, nilipiga kelele pale barabarani. Nilivuka mto kumwambia Papa mwenyewe.

"Kweli, bokilo?" Bokilo ndivyo sisi wakwe tunavyoitana.

"Papa, mashine haina bokilo. Umepona. Pumzika, hata vidonge achana navyo."

Ndiyo, nilisema hivyo, mimi daktari wa mawese.

Jumapili mchana nikaandaa shukrani uani kwake. Shirika zima likaja, na majirani, na watu wa reli wa zamani. Kulikuwa na lituma ya ndizi za kupondwa, samaki, pondu ya majani ya mhogo, na makreti ya sucré (soda, kwa mgeni wa Kisangani), kwa sababu nilisema Papa amenyimwa kwa miaka, leo anywe mpaka achoke. Nikasimama kutoa ushuhuda. Nilieleza nilivyofunga na kuomba (nilifunga chai ya asubuhi tu), akina mama wakapiga vigelegele, na Papa akiwa na shati jeupe akamaliza glasi ya kwanza na kujaziwa ya pili.

Hapo ndipo alipoingia Madame Béatrice, mkuu wa ile labo. Mjini wote wanamjua, mwanamke wa maringo yake, anayejua kazi na anajua kwamba anaijua. Amevaa pagne, kitenge chake cha misa, viatu mkononi kwa sababu ya matope ya kivukoni, na kisanduku cha baridi begani. Alikuwa amenipigia simu asubuhi yote, na mimi simu niliizima ili isiharibu ushuhuda.

"Papa, pardon, weka ile glasi chini," akasema, kabla hata ya kusalimia.

Akamtoboa kidole mbele ya watu wote. Kipimo kikaonyesha sukari iko juu, juu sana, mahali ambapo mtu mwenye afya hafiki hata akinywa soda. Kisha akanigeukia na kuniuliza damu ilipita wapi, na mimi, nikiwa bado nimesimama mahali pa ushuhuda, nikasema yote, boti, koti, jua.

"Bon," akasema. "Damu iko muzima, papa. Hata ndani ya kichupa inaendelea kukula. Weye uliiweka ku joto mchana wote, ikakula sukari yake yenyewe. Mashine ilipima ile yenye ilibakia."

Alipoyakagua majibu ya Jumamosi aliona maji ya juu ya ile damu yamegeuka mekundu, kama ya damu iliyokaa na kutikiswa, akaulinganisha ule uzuri wa ghafla wa majibu na vipimo vya zamani vya Papa, akakataa kuamini karatasi iliyotoka kwenye labo yake mwenyewe. Angeweza kungoja Jumatatu. Alitoka misani akapanda mtumbwi. Mimi nauza mafuta kwa kujua harufu na rangi, najua mtu anayeiheshimu bidhaa yake nikimwona, na huyu nilimvulia kofia moyoni, ingawa nilitamani ardhi inimeze.

Mama mmoja wa shirika akauliza kama vigelegele vinarudishwa. Watu wakacheka hadi kukohoa. Papa Bosenge peke yake hakucheka.

"Munyamaze," akasema. "Huyu mutoto alifurahi juu yangu. Nani mwingine hapa alinunua hata sucré moja?"

Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele ya wakwe zangu wote.

Madame Béatrice akatoa damu nyingine, akaifunga ndani ya kisanduku, halafu badala ya kukivaa begani akanipa mimi. "Beba. Unajua njia sasa." Nikakipakata mtumbwini hadi ng'ambo, na boti mbili za mafuta zilikuwa zimefunga kivukoni, sikuzitazama hata. Niliondoka labo baada ya kuona kwa macho yangu kichupa kinazungushwa kwenye mashine.

Jumatatu majibu ya kweli yalitoka, Papa akaanza sindano. Kidonda kilichukua muda wake, tukakiogopa, kikafunga. Mimi nimeapa kutotangaza tena afya ya mtu kwenye halaiki, na kitu cha mgonjwa nikikabidhiwa sisimami hata nikiitwa na waziri. Juzi nikiwa dukani nimeinama kwenye mabidoni, nikaona viatu viwili vikongwe vya reli vimesimama mbele yangu. Alikuwa Papa Bosenge, amepanda kilima cha kivukoni peke yake, anatafuta mahali pa kukaa na kunilaumu kwamba mafuta yangu ni ghali.