Gato ya Mama na Kifuniko cha Sufuria

Ukitaka kuoka gato, yaani keki, nyumbani na hujawahi, vifaa ni vichache: mbabula, jiko letu la makaa, yenye makala mazuri, sufuria kubwa ya kifuniko kizito, sufuria ndogo ya kuingia ndani yake, glasi moja ya kupimia na mwiko. Watu watakuongezea orodha, wasikusumbue. Mimi nilikuwa na vyote hivyo, pamoja na jiko la umeme lisilo na umeme, na bado nusura nimzike mama yangu.

Alikuwa ametoka hospitali katikati ya msimu wa mvua, nikamleta kwangu, mtaa wa Bel-Air. Daktari alisema dawa zile hazimezwi na tumbo tupu. Mama akafunga mdomo. Uji, hapana. Bukari, ugali wetu, hapana. Samaki, hata kumtazama hapana. Mke wangu, ambaye angejua la kufanya, alikuwa Kilwa, kule ziwani, kwenye matanga ya shangazi yake, na mvua ilikuwa imekata barabara. Dada sina. Nilibaki mimi, karani wa ofisi ya mjini, mtu wa miaka hamsini na miwili aliyejua kuchemsha maji ya chai, basi.

Siku ya nne alisema neno.

"Kama ni kula, nitakula gato."

Nilikimbia mjini nikarudi na gato ya krimu ndani ya kartoni. Aliitazama, akageukia ukuta, akaniita tata, yaani baba, kama alivyoniita utotoni.

"Hii iko sabuni, tata. Mi nataka ile ya nyumba. Ya makala."

Ile niliijua. Baba alikuwa mtu wa reli, na kila Noeli, kila Pasaka, Mama aliweka sufuria kwenye mbabula, moto chini, moto juu ya kifuniko, kisha akatufukuza sisi watoto mpaka barabarani. Tulikasirika sana. Sikuwahi kujiuliza kwa nini alitufukuza.

Jirani yangu, mama anayeoka gato za ubatizo, alinipa vipimo kutoka upande wake wa ua, huku akicheka. Mayai matatu, glasi ya sukari, nusu glasi ya mafuta, glasi ya maziwa, glasi mbili na nusu za unga, kijiko cha levire, ule unga mweupe wa kuumulia. Piga mayai na sukari mpaka mkono uchoke, vingine viingie polepole. Ndani ya sufuria kubwa tandaza kokoto chini, ile ndogo isiguse moto.

Kokoto! Uani kwangu yamejaa mawe meusi yaliyotoka kwenye lundo la mgodi, yale ambayo nusu ya mji inazuia nayo tope. Nikachota, nikajaza. Haikupita robo saa, nyumba nzima ikanuka kiberiti.

"Papa!" jirani akapaza sauti. "Unaoka gato ao unayeyusha mukuba?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Mji wetu umeyeyusha shaba vya kutosha. Mimi sikucheka. Nilimwaga kila kitu shimoni, na Mama alikuwa amemaliza siku ya tano bila kula.

Siku ya sita nilitafuta mchanga safi wa mto, nikaukausha kwanza. Gato ikaanza kuumuka. Nilijua kwa sababu niliichungulia. Nikachungulia tena. Na kila nikirudisha kifuniko nilikwenda kwenye chumba cha Mama, nikasukuma mlango kidogo nione kama shuka bado linapanda na kushuka. Kifuniko, mlango. Kifuniko, mlango. Mwishowe gato ilizama katikati, mbichi kama tope. Nilirusha mwiko ukutani. Kwa dakika nzima nilimchukia mwanamke aliyenizaa, kwa ukaidi wake, kwa mdomo wake uliofungwa, na chuki hiyo ilinitisha kuliko kifo chenyewe.

"Kila mara unafungua, moto ya juu inakimbia," jirani alisema, safari hii bila kucheka. "Gato haipendi kuchunguliwa."

Ndani ya chumba sauti ikajibu, nyembamba lakini kali: "Na mi pia! Unafungua-fungua mulango kama mi ni maiti. Sijafa!"

Siku ya saba ilikuwa Jumapili. Nilikoroga, nikaweka, nikapanga makala juu ya kifuniko. Jirani akaniambia saa nzima, usiguse. Nikakaa juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, mikono nimeikalia. Subira huvuta heri, walitufundisha shuleni. Hawakusema inakuvuta na roho.

Mwanzoni nilimsikia akikohoa, na kikohozi kile kilinipa raha. Kisha kikanyamaza. Kitanda hakikulia. Nilihesabu vigae vya paa la jirani, nikavihesabu tena. Nilijiambia: amekwisha, na wewe umekaa hapa unalinda unga. Mara mbili nilisimama, mara mbili nikakaa. Machozi yalinitoka mchana kweupe, na sikuyafuta.

Mlango ukalia. Sikuufungua mimi. Mama alikuwa amesimama ameshika fremu kwa mikono miwili, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande. Alikuwa hajasimama tangu hospitali.

"Fungua sasa," alisema. "Naisikia harufu. Imeiva."

Ilikuwa imeinama upande mmoja na kuungua ukingoni. Nilimpa kreti yangu. Akamega kwa vidole, akatafuna muda mrefu, nami nikingoja aseme sabuni.

"Unga mingi," alisema.

Akamega tena, akameza. Halafu akanyoosha kiganja kitupu mbele yangu. Nikamwekea kipande kingine. Akakirudisha kwenye sufuria, akanyoosha tena kiganja.

"Hapana, tata. Dawa."