Tarumbeta Chini ya Dirisha la Bi Saleha

Bi Saleha aliwachosha majirani zake wa Al-Hamra, Jeddah, kwa jambo moja: hapakuwa na wimbo asioutafutia mtu unayemsema. Alitolewa Unguja mwaka 1964 akiwa mtoto wa kubebwa, akalelewa na taarabu jikoni, na hata tangazo la sabuni aliliona ni mpasho.

Bintiye Lina alikuwa amerudi kwa mama yake kwa hasira, siku ya kumi sasa. Mumewe, Yazid, alithubutu kusema mbele ya mawifi kwamba pilau ya Lina haina ladha.

Alasiri hiyo tarumbeta ililia chini ya dirisha. Bi Saleha akachungulia. Wapiga muziki watatu wa mkahawa mmoja wa mjini, suruali za kubana zimejaa vifungo vya kung'aa, kofia pana kama ungo. Fidla, gitaa, tarumbeta. Katikati yao Yazid, jasho likimchuruzika.

"Nini tena hii?"

"Mariachi, mama! Muziki wa Meksiko. Huko mtu akimuudhi mkewe huwaleta dirishani wamwimbie."

"Na neno lenyewe maana yake nini?"

Yazid alikuwa amesoma juujuu kwenye simu. "Wanasema ni Kifaransa," akajibu kwa fahari. "Harusi!"

Bi Saleha akageukia ndani.

"Lina! Njoo usikie! Mumeo kaja na tarumbeta kukwambia anaoa!"

"Sioi, mama, wallahi!"

Dirisha la pili likafunguka. "Anamuoa nani?" akauliza Lina.

"Halas, yamekwisha, Yazid! Nenda na bibi harusi wako!" Bi Saleha akafoka.

Mpiga tarumbeta, Onesmus, Mkenya aliyefunzwa na bendi ya kanisa huko Vihiga, akaona mambo yanaharibika.

"Pole, mama. Bosi amesoma vibaya. Hiyo stori ya Kifaransa ni uongo. Neno lilishaandikwa kabla jeshi la Ufaransa lifike Meksiko. Huu ni muziki wa wakulima na wachunga ng'ombe wa huko magharibi, Jalisco na jirani zake. Hata hii tarumbeta imezoeleka juzi tu, enzi za redio. Tunapiga kwa ubatizo, kwa harusi, mpaka kwa matanga."

"Basi pigeni ya matanga," Bi Saleha akasema, "maana huyu namuua."

Lina akacheka bila kupenda, kisha akajikaza. "Wao wanyamaze. Aimbe mwenyewe."

Onesmus akamvisha Yazid kofia yake. Yazid akaimba Kihispania asichokijua, kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Madirisha ya mtaa yakafunguka moja moja. Kufika ubeti wa tatu Lina alikuwa keshashuka na begi lake, akamziba mumewe mdomo kwa kiganja.

"Twende nyumbani," akasema, "kabla hawajaita polisi."